Tulivyounganisha Rombo na Taveta kwa taarifa za mafuriko ya Mto Lumi

Mto Lumi unaanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, upande wa Rombo, unavuka mpaka kuingia Taveta nchini Kenya, kisha unamwaga maji Ziwa Jipe. Mvua inaweza kunyesha mlimani usiku kucha huku Taveta hakuna hata tone. Asasi yetu hapa Moshi ilitaka taarifa itangulie maji, na njia iliyotufikisha ni vikao vya ujirani mwema, yaani mikutano ya viongozi wa pande mbili za mpaka.

Mkuu wa wilaya hawezi kumwandikia mwenzake wa nchi jirani apendavyo. Barua hupanda mkoani, ikaenda wizarani, masika yakaisha ikiwa bado njiani. Vikao vya ujirani mwema tayari vina kibali, ingawa huzungumzia zaidi mifugo, magendo na ulinzi. Asasi haiwezi kuviitisha, lakini inaweza kumkabidhi katibu wa kikao karatasi ya ukurasa mmoja mapema. Kwenye yetu tulitaja muswada wa kupunguza na kusimamia maafa uliopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2016, maana viongozi huwa wepesi kukubali jambo ambalo Jumuiya imeshalijadili. Tuliomba kila upande uteue wapokeaji wawili kwa cheo, si kwa jina, na laini ya simu ibaki ofisini. Uhamisho ndio unaoua mipango hii: mtendaji akihama na namba yake, mnyororo umekatika.

Utabiri wa hali ya hewa ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kisheria, kwa hiyo sisi hatutabiri. Tunatuma kina cha maji tu. Ujumbe wetu uko hivi: "Daraja la juu, sm 140, 22:10, yanapanda, mtendaji wa kijiji." Saa tunaiandika kwa mfumo wa saa 24, kwa sababu "saa 4:10" afisa wa ng'ambo anaweza kuisoma kuwa alfajiri.

Ubao wa kipimo usifungwe kwenye nguzo ya daraja. Magogo na migomba hunasa pale, maji yakajaa nyuma yake, na msomaji akatuma kina ambacho si cha mto. Tafuta sehemu iliyonyooka, upande maji yanakotoka, mbali na pale yanapojaa nyuma ya daraja, palipo na njia ya kufika usiku bila kukanyaga maji. Kiwango cha hatari usikinakili kutoka mto mwingine. Waulize wazee mafuriko yaliyopita yalifika wapi ukutani, upime kutoka hapo. Kila msimu kipimwe upya, kwani mchanga hubadilisha sakafu ya mto.

Karibu na mpaka simu yenyewe hudaka mtandao wa Kenya, salio likaisha kabla ujumbe haujaondoka. Msomaji achague mtandao wa nyumbani kwa mkono kwenye mipangilio, na awe na laini ya akiba.

Mpokeaji lazima ajibu "nimepata" ndani ya dakika 10. Akikaa kimya anapigiwa. Asipopokea, anapigiwa wa pili. Aliyepata ujumbe humwarifu chifu, na chifu huwaarifu wazee wa nyumba kumi. Jaribio hufanyika Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, usiku, bila kumtonya mtu. Laini isiyojibu hubadilishwa wiki hiyohiyo, na namba mpya hupelekwa kwa maandishi ofisi zote mbili.