Sasa utakuwa unakula nini?

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kirumba, Mwanza, dakika kumi kwa mguu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mteja anakuja kabla ya harusi ya mdogo wake: "Mama Neema, nibanie hapa kiunoni, nimepungua." Mwaka haujaisha, karudi na gauni lilelile: "Niachie kidogo, linanibana." Ndiyo maana siku hizi nikibana nguo sikati. Kitambaa nakikunja ndani ya mshono, kibaki hapo.

Gauni langu la kitenge cha bluu nalo limepita njia hiyo. Mwaka 2021 nilikuwa na kilo 91. Nikaishi miezi minne kwa matikiti, supu ya kabichi na chai ya rangi, nikafika 77. Wifi yangu aliponiona msibani Magu alinivuta pembeni akaniuliza kama naumwa. Baada ya hapo nikarudi kwenye chakula, lakini kidogo: asubuhi chai ya sukari na maandazi mawili, mchana wali na mchuzi, jioni ugali wa sembe na mchicha. Sahani yangu ilikuwa ndogo kuliko ya Neema, mtoto wa darasa la sita. Saa nne usiku njaa ilikuwa inaniamsha kama mtu anagonga mlango. Miezi tisa baadaye nilikuwa na kilo 89.

Watu walisema sina nidhamu, na mimi niliamini. Hilo liliniumiza kuliko kilo zenyewe.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi kwa chakula kidogo sana. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu, zile za shibe bado chini. Mwaka mzima! Niliposoma hapo niliweka simu kwenye meza ya cherehani nikalia. Njaa yangu ya saa nne usiku haikuwa ulafi. Mwili ulikuwa unadai ulichonyang'anywa.

Mwaka 2010, utafiti wa nchi nane za Ulaya ulikuwa umeuliza swali langu hasa: mtu akishapungua, ale nini? Watu waliokuwa wamepungua waligawanywa katika makundi matano, wakala mpaka washibe, kwa wiki 26. Kundi pekee ambalo uzito wake ulirudi kwa kiasi cha kuhesabika lilikuwa lile la protini kidogo na wanga unaopandisha sukari haraka. Waliokula protini zaidi na wanga unaopandisha sukari polepole ndio waliojishikilia vizuri zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo, kama kilo moja hadi mbili. Lakini mimi niliyesoma hapo niliona maandazi yangu, wali wangu na sembe yangu. Nilikuwa nakula kidogo, na kidogo chenyewe kilikuwa wanga mtupu.

Tena unapopungua kwa kushinda njaa, hupotezi mafuta tu, unapoteza na misuli. Mwili mdogo wenye misuli michache unatumia chakula kidogo kuliko zamani. Protini inasaidia misuli isiondoke, na inashibisha.

Basi mara ya pili sikuanza na kukonda. Nilianza na dagaa. Wakikauka, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na sisi wa ziwani tunawaona chakula cha kukosa hela! Nanunua waliokaushwa kwenye chanja, hawana mchanga, ndoo nzima kabla mbalamwezi haijapandisha bei, maana usiku wa mwezi mkali dagaa huvuliwa wachache. Asubuhi ni yai au choroko zilizolala jikoni. Ugali ni wa dona, kama ngumi yangu, na nusu ya sahani ni nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), mlenda au kisamvu. Ugali wa muhogo naupenda kwa sababu mama yangu ni wa Ukerewe, lakini hauna protini ya maana, kwa hiyo siuli bila sato au kunde. Chai bila sukari ilinichukua miezi mitatu kuizoea.

Nilipungua polepole mpaka kilo 80, na huu ni mwaka wa tatu. Kiuno kimetoka sentimita 104 hadi 93. Sukari ya damu asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.6 (mmol/L), sasa ni 5.6. Mama yangu alianza dawa za sukari akiwa na miaka 50. Mimi nina 46, na namba hiyo naiangalia kuliko mizani.

Wiki iliyopita alikuja mteja, amepungua kilo tisa kwa wiki sita, anataka gauni libanwe. Nikampima, kisha nikamuuliza, "Sasa utakuwa unakula nini?"

"Nitakula kidogo tu, dada."

Nikaweka mkasi chini, nikamvutia kiti.