Uvimbe wa pua baada ya upasuaji: siku ya tatu ndiyo iliyonitisha

Watu wakisikia nilipasuliwa pua, huniuliza kwanza kama iliuma. Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyoyaogopa, na kufika siku ya nne panadoli ilinitosha. Kilichonihangaisha ni uvimbe, na hakuna aliyenikalisha chini kunieleza habari zake kabla sijachomwa nusu kaputi.

Niliumia kwenye bajaji. Dereva alifunga breki ghafla, nikagonga pua kwenye bomba la chuma lililo nyuma ya kiti chake. Mfupa ukapinda, ukuta wa katikati ukaegemea kushoto, na tundu la upande huo likaacha kupitisha hewa. Miaka miwili nililala mdomo wazi na kuamka koo limekauka. Daktari wa masikio, pua na koo aliamua kunyoosha ukuta na mfupa kwa mara moja, yaani mfupa uvunjwe upya ili ukae sawa. Nilisema sawa bila kufikiria maana yake. Mfupa ukivunjwa damu huvilia chini ya ngozi, na ngozi nyepesi kuliko zote usoni ni ile ya kope.

Siku ya kwanza nilijiona mzima, nikawapigia watu simu. Siku ya tatu asubuhi jicho la kulia lilikuwa mstari tu, la kushoto lafunguka nusu, na chini ya yote mawili pamekuwa rangi ya zambarau. Mama aliingia na uji, akauweka chini, akasema, "Mwanangu, hawa wamekuharibu." Nilimwamini. Nilipiga simu wodini nikilia, na muuguzi akanieleza kile ambacho ningepaswa kuambiwa mapema: uvimbe huzidi kupanda baada ya kutoka hospitali, hufika kileleni kati ya saa 48 na 72, halafu huanza kushuka. Na kweli, siku ya tano macho yote yalifunguka. Ile zambarau ikateremka mashavuni, ikawa kijani, kisha njano, na baada ya wiki mbili ikapotea.

Nililala chali, mito mitatu chini ya kichwa na mabega. Siku mbili za mwanzo niliweka barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika kumi kumi, mashavuni na juu ya nyusi, si juu ya pua yenyewe. Kamasi sikupenga wiki mbili nzima. Chafya ikija, nilifungua mdomo itoke huko. Madera niliyaweka kando, kwa sababu dera huvaliwa kwa kupitishia kichwani nami nilikuwa na ganda gumu limebandikwa puani. Nilishinda na shati la vifungo la mume wangu na kanga kiunoni. Mtoto wangu wa miaka miwili hakulala nami mwezi mzima. Hilo liliniuma, lakini kichwa cha mtoto usingizini ni kama nyundo.

Chumvi niliijua kwa kosa. Siku ya tisa nililetewa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, aliyepikwa kwa nazi, nikala kwa hamu ya mtu aliyechoka na uji. Kesho yake niliamka pua imejaa kama nimerudi nyuma siku tatu.

Ganda lilibanduliwa siku ya nane. Nilikuwa nimejiandaa kuiona pua yangu ya zamani, nikaona pua pana, ncha imenyanyuka, upande wa kulia umejaa kuliko wa kushoto. Mdomo wa juu ulikuwa mgumu hata kicheko hakikukamilika, na meno ya mbele ya juu yalikuwa na ganzi. Daktari aliniambia pua hupungua kuanzia juu kuja chini. Mgongo wa pua hutangulia, ncha huwa ya mwisho, na ncha huweza kuchukua mwaka mzima, hata zaidi kwa mwenye ngozi nene kama yangu. Tena kila asubuhi itakuwa imejaa kuliko jioni, kwa sababu mtu amelala. Nilifunika kioo cha chumbani kwa kitambaa. Badala yake nilipiga picha moja kila Ijumaa baada ya alasiri, nimesimama pale pale mlangoni. Kulinganisha jana na leo kulinitesa bure, ila picha za mwezi huu na mwezi uliopita zilionyesha tofauti.

Ndani nako kulikuwa kumevimba, na wengi hawalitazamii hili. Wiki mbili za kwanza nilipumua vibaya kuliko kabla ya upasuaji. Nilisafisha kwa maji ya chumvi niliyopewa, magamba ya damu yakalainika na kutoka yenyewe bila kuyachokoa. Usiku mmoja wiki ya tatu nilishtuka usingizini, mdomo umefumba. Hewa ilikuwa inapita kushoto. Nilikaa kitandani muda mrefu nikivuta tu, nikamwamsha mume wangu asikie.

Lakini si kila uvimbe ni wa kuvumilia. Pua ikiziba ghafla pande zote mbili, maumivu yakazidi siku hadi siku badala ya kupungua, au homa ikapanda, huenda damu imekusanyika kwenye ukuta wa katikati, nayo ikiachwa huharibu gegedu, yaani ule mfupa laini wa pua. Hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje miadi. Na dawa za maumivu kama aspirini usimeze bila kumuuliza daktari wako, maana huongeza kuvuja damu.

Swali lililonikosesha raha ni la ibada. Udhu una kupandisha maji puani, na kusujudu ni kuinamisha kichwa chini kabisa, ambako damu yote hukimbilia usoni. Shehe wa mtaani kwetu aliniambia kupandisha maji ni sunna, niache mpaka nipone, na niswali nimekaa kwenye kiti. Nilifanya hivyo mpaka daktari aliponiruhusu kuinama, wiki ya nne. Siku hiyo nilisujudu taratibu, paji la uso likagusa mkeka, pua ikafuata, na nchani sikuhisi kitu, kama imegusa pua ya mtu mwingine.

Sasa ni mwezi wa kumi. Ncha bado hujaa kidogo alfajiri, na kufikia adhuhuri imetulia. Nikisujudu nahisi msuko wa mkeka, ukindu kwa ukindu.