Sumu Ambayo Bado Haijatoka

Alama za mkononi, pale niliposhikwa na yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayechoma, zimeanza kugeuka rangi ya kahawia. Mwanzoni zilikuwa nyekundu, zimetuna, kama nimechapwa kwa uzi wa moto. Usingizi ulipokuwa hauji nilisoma kila nilichokipata kuhusu yavuyavu, na jambo moja limenikaa rohoni kuliko maumivu yenyewe: mnyiri, yaani mkono wake mwembamba kama uzi, unaponata kwenye ngozi, sumu yake nyingi huwa bado haijatoka.

Mnyiri mmoja una maelfu ya seli za kuchoma. Ndani ya kila seli mna kifuko chenye sumu na uzi mwembamba uliojikunja. Mguso ukikutana na kemikali zilizo juu ya ngozi, kifuko kinafyatuka na uzi unachoma. Wanasayansi walimpiga picha haidra, jamaa mdogo wa yavuyavu aishiye kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa kamera ya kasi ya ajabu. Matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba mwiba wake hutoka kwa nanosekunde 700 hivi, yaani haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna mkono unaoweza kukwepa kitu hicho.

Yavuyavu hana ubongo, na kifuko hakihitaji kungoja amri. Mnyiri uliokatika unachoma. Yavuyavu aliyekufa mchangani anachoma. Yupo hata konokono wa bahari asiye na kombe, Glaucus, anayemla konyeza wa buluu (Physalia), jamaa mwingine wa yavuyavu, akavihifadhi mwilini vifuko ambavyo havijafyatuka na kuvifanya silaha yake. Niliposoma hayo hasira yangu iliisha. Hakuna aliyekusudia kuniumiza. Nilipita palipokuwa na mtego uliotegwa kwa ajili ya samaki wadogo.

Lakini jambo hilo limebadilisha kabisa namna ninavyoufikiria msaada. Pale ufukweni watu walinihurumia kweli, na kila mmoja alikuja na dawa yake: msugueni kwa mchanga, mmwagieni mkojo, mwosheni kwa maji ya kunywa. Mama mmoja mtu mzima akawazuia kwa sauti kali. “Jamani, msimsugue! Mleteni hapa akae.” Aliondoa nyuzi moja moja kwa kibanio, akanimwagia maji yaleyale ya bahari. Sasa ninaelewa alichonikinga nacho. Kusugua kunaviminya vifuko vilivyobaki, na maji yasiyo na chumvi yanaweza kuvifyatua. Mkojo hauna faida iliyothibitishwa. Wema wa watu wengi ungeniongezea sumu.

Baadaye nililoweka mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika usiounguza, na maumivu yakapungua. Australia walilijaribu jambo hili kwa watu waliochomwa na konyeza wa buluu, na mwaka 2006 wakachapisha kwamba maji ya nyuzi joto 45 za Selsiasi yaliwasaidia wengi zaidi kuliko barafu. Siki ni habari nyingine, na naona inatajwa ovyo mno. Kwa yavuyavu-sanduku, wale wenye mwili wa pembe nne, siki huvizima vifuko ambavyo havijafyatuka. Sumu iliyokwisha kuingia haiigusi, wala haitulizi maumivu. Kwa aina nyingine za yavuyavu wataalamu hawajakubaliana, kwa hiyo ni vizuri kufuata maelekezo ya waokoaji wanaoijua bahari ya mahali ulipo.

Yavuyavu-sanduku ndiye anayenitisha hasa. Chironex fleckeri wa maji ya kaskazini mwa Australia ana sumu inayotoboa kuta za seli za binadamu, potasiamu ikavujia kwenye damu, na moyo unaweza kusimama ndani ya dakika chache. Tangu 1970 ipo dawa ya kuzima sumu hiyo, inayotengenezwa kwa kutumia kondoo, lakini kwa kasi ile mtu anayejua kumkandamiza mgonjwa kifua na kumpulizia pumzi ndiye anayehitajika kwanza.

Halafu yupo jamaa yake, Carukia barnesi, ambaye mwili wake una upana wa sentimita moja tu. Mwaka 1961 daktari Jack Barnes wa Cairns, mji wa Australia, alitaka kuthibitisha kwamba huyo ndiye chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiwashangaza madaktari. Alijichoma yeye, akamchoma mwanawe wa miaka 9 na mwokoaji mmoja, na wote watatu wakaishia hospitalini. Ujasiri wake nauheshimu. Kumwingiza mtoto siwezi kukukubali. Walichokithibitisha, hata hivyo, kimeokoa watu: mchomo wenyewe unaweza kuwa mdogo usiostahili hata kutajwa, kisha baada ya nusu saa hivi mgongo unauma vibaya, mtu anatapika, anatokwa jasho, shinikizo la damu linapanda, na anashikwa na hofu kuu kwamba anakufa.

Kwa hiyo mtu aliyechomwa asiachwe aende kulala peke yake kwa sababu tu amesema hajambo. Mkae naye. Akianza kuhema kwa shida, kutapika, kuzimia au kulalamika mgongo na kifua, apelekwe hospitali mara moja, na mwambieni daktari kwamba alikuwa baharini, maana huenda kwenye ngozi hakuna cha kuonekana.