Kijivu cha kamera na sura za Dar

Leo nimeshinda nikiwaza kijivu. Kamera zinazopiga harusi za Dar es Salaam, za bei rahisi na za bei mbaya, zina kipima mwanga kinachochukulia kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kinaakisi karibu asilimia 18 ya mwanga. Hakijui shela wala suti. Bibi harusi akijaza fremu kwa shela jeupe, kamera inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso wake unazama gizani. Bwana harusi akisimama peke yake na suti nyeusi, inaongeza mwanga: suti inakuwa ya kijivu, kola ya shati inaungua, yaani inabaki nyeupe tupu.

Wengi hukimbilia kupima uso peke yake. Inasaidia nusu tu. Kwa mtu mweusi tii, kipima mwanga kitauvuta uso mpaka kwenye kijivu kilekile, na ngozi itaonekana kama imepauka. Punguza stopu moja, yaani mwanga uwe nusu. Kwa maji ya kunde punguza kidogo, au acha kama ilivyo.

Maharusi wakiwa pamoja, anza na shela. Pima kitambaa chenyewe, ongeza stopu moja na nusu, nakshi zitabaki. Kisha uso upewe mwanga wake: softiboksi kubwa (boksi la kitambaa linalolainisha mwanga wa taa) pembeni, nyuzi 45, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao. Flashi tupu, pamoja na jasho la mji huu, huacha doa kali kwenye paji la uso. Mwanga mpana huutandaza mng'ao shavuni. Na usiangalie histogramu ya jumla, ile grafu ya kamera inayoonyesha mwanga ulivyogawanyika kwenye picha. Angalia ya rangi tatu, maana chini ya taa za njano za ukumbini nyekundu hufika ukingoni kwanza, na hapo hata faili la RAW, yaani picha ghafi isiyochakatwa na kamera, huenda lisikuokoe.

Fizikia haielezi yote. Tangu miaka ya 1950 Kodak, kampuni ya filamu za picha, ilizipa maabara za kusafishia picha kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama Shirley, ya kusawazishia rangi. Yeye akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia ni ya watangazaji wa chokoleti na samani za mbao. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo ukiona picha ya rangi ya zamani ambayo bibi yako amebaki macho na meno, usimlaumu fundi wa studio peke yake.

Ndiyo maana naamini nchi hii inahitaji watu wanaosomea kamera na utamaduni wa picha kwa pamoja. Bibi harusi akisema "huyu siyo mimi, nimekuwa mweupe", lazima awepo wa kuigeuza kauli hiyo kuwa namba.

Pa kuanzia ni barazani, kivulini. Waketishe watu watatu wa rangi tofauti, kitambaa cheupe na cheusi kando yao. Piga kuanzia stopu mbili chini hadi mbili juu, ukipanda kwa theluthi, kisha soma thamani za nyekundu, kijani na bluu kwenye kila shavu. Rudia kwa simu, programu ya urembo ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Tofauti ya namba hizo ndiyo ya kumpelekea mhandisi.