Shangazi na ukingo wa barabara

Jana nilimsindikiza shangazi yangu, asiyeona, hadi Barabara ya Namirembe, Kampala. Fimbo yake nyeupe husoma ukingo, ile ngazi ndogo kati ya barabara na njia ya miguu: akiugusa, anajua magari yako upande gani. Kule Uholanzi, mhandisi Hans Monderman aliondoa taa za barabarani mjini Drachten ili madereva na waenda kwa miguu watazamane machoni. Wazo hilo nalipenda. Lakini shangazi atamtazama nani? Tena mitaa mingi ya namna hiyo huondolewa na ukingo pia. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliziomba halmashauri zisitishe mitaa mipya ya namna hiyo isiyo na ukingo. Hapa kwetu bodaboda hupanda hata njia ya miguu! "Mwanangu, nishike," aliniambia pikipiki ilipotupita ubavuni. Nataka ukingo ubaki, na waendesha baiskeli wapewe njia yao.