Ahadi za jukwaani na pesa za benki

Chuo kikuu cha Kenya kikitaka shilingi milioni 60 za kujenga maabara, hesabu inayotangulia mezani huwa ile ya kugawanya. Tuna wahitimu 30,000, kila mmoja atoe 2,000, kazi imekwisha. Kwenye karatasi inatimia. Nje ya karatasi haitimii, kwa sababu wengi hawatajibu ujumbe, na yule mwenye uwezo wa kutoa milioni tano ameombwa elfu mbili. Atazituma kwa M-Pesa, atajiona ametimiza wajibu, na mlango wake mtakuwa mmeufunga wenyewe.

Hesabu ya michango mikubwa huanzia juu. Milioni 60 hizo zipange hivi: mtu mmoja wa milioni 12, wawili wa milioni 6, wanne wa milioni 3, wanane wa milioni 1.5. Kila daraja lina milioni 12, jumla 48, na 12 zinazobaki ndizo za kuchangisha kwa umma. Hiyo ni michango 15. Kwa kila mmoja tafuta watu wanne, kwani mmoja atakataa, mwingine atatoa nusu, wa tatu atasema mwaka ujao. Unafika majina 60: maafisa wawili wa uchangishaji wenye majina 30 kila mmoja, na mtu wa tatu wa kumbukumbu na risiti. Vyuo vikubwa vya Marekani humpa afisa majina 100 hata 150, lakini nyuma yake wapo watafiti na kumbukumbu zilizojazwa kwa miaka mingi. Ukimbebesha afisa wa Kisumu majina 150, atakuwa mtu wa kupiga simu za kujuliana hali.

Jedwali hilo likikosa hata jina moja linaloweza kubeba ile milioni 12, shusha lengo kabla halijatangazwa.

Huku kwetu watu wanajua kutoa. Chuo kilichozaa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kule Kakamega, kilianzishwa miaka ya 1970 kwa harambee. Egerton ya Njoro ilianza 1939 kwa ekari 740 alizotoa mtu mmoja. Shida ni kwamba harambee imetuzoesha jukwaa, mgeni wa heshima na kipaza sauti, na kinachotangazwa pale ni ahadi. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini deni lisilo na tarehe wala sahihi nani atalidai? Afisa wa miaka 29 hawezi kumfuata mzee wa miaka 70 kumkumbusha alichosema mbele ya watu. Mchango mkubwa huombwa faraghani, sebuleni au ofisini, na hafla hufanyika baada ya fungu la kwanza kuingia benki. Kwa maoni yangu, kutanguliza hafla ndilo kosa linalovigharimu vyuo vyetu zaidi ya mengine yote.

Kalenda nayo ina mambo yake. Kuanzia Ijumaa mchana, watu wa Nyanza na Magharibi wako njiani kwenda mazishini. Jumamosi ni siku ya matanga kwa wengi, na kwa Waadventista, ambao ni wengi Kisii na kandokando ya ziwa, ni Sabato. Usimpigie mtu simu ya michango siku hiyo. Desemba ndiyo mavuno: wa Nairobi na wa ng'ambo wamerudi nyumbani, wana nafasi. Timu iende likizo Januari, si Desemba.

Anayefungua mlango mara nyingi si afisa. Ni mwalimu wa zamani. Mhandisi aliyehitimu 1994 huenda asiujibu waraka wa naibu chansela, lakini profesa mstaafu aliyemfundisha akipiga simu, atapokea. Ziara ya kwanza usiombe chochote. Kunyweni chai, ulizeni chuo kilimpa nini na kilimkosea wapi, kisha msikilize jibu la swali la pili kwa makini kuliko la kwanza. Afisa aandike taarifa siku hiyo hiyo. Akingoja Ijumaa, atakumbuka chai tu. Kutoka ziara hiyo hadi ombi, tarajia mwaka mmoja au miwili.

Siku ya kuomba waende wawili, wakubaliane njiani nani atataja kiasi. Kitajwe pamoja na kazi yake na muda: “Mzee, tunakuomba ufikirie kutoa milioni 6 kwa miaka mitatu, milioni 2 kila mwaka, ili maabara ya kemia ipate vifaa vyake vyote.” Kisha nyamazeni. Afisa mchanga huogopa ukimya ule, akakipunguza kiasi mwenyewe: “au hata milioni moja, Mzee.” Hapo milioni tano zimepotea kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Hili lifanyieni mazoezi ofisini, kwa sauti, hadi lizoeleke.

Akikubali, andikeni makubaliano ya kurasa mbili ndani ya siku saba: kiasi, tarehe za mafungu, kazi ya fedha, na kitakachofanyika kazi hiyo isipowezekana tena. Jina la jengo lisiahidiwe kabla baraza la chuo halijaidhinisha. Njia ya malipo nayo ipangwe. Hundi ya zaidi ya milioni moja haipitishwi na mabenki nchini, na M-Pesa hukwama kwenye 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo mpe maelezo ya kutuma kwa RTGS, mfumo wa kuhamisha fedha nyingi kutoka benki hadi benki. Mkenya aliye Marekani hapati nafuu ya kodi ya kule akituma moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Atoe kupitia shirika la hisani la kule lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani lililosamehewa kodi.

Ardhi ipokeeni kwa hadhari. Hatimiliki nyingi za huku bado zina jina la babu aliyefariki, na mirathi haijafanywa. Kagueni rekodi kwenye ofisi ya ardhi, mwenzi wa ndoa akubali kwa maandishi, na kama ni shamba, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. La sivyo, chuo kitapewa kesi badala ya ekari.

Mfuko wa kudumu wa ufadhili huvurugwa na tamaa ya riba. Ukitaka kumlipia mwanafunzi 120,000 kila mwaka kwa kutumia asilimia 4 tu ya mtaji, unahitaji milioni 3. Mtu wa fedha atasema hatifungani za serikali zikilipa asilimia 12, milioni moja inatosha. Inatosha leo. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka na riba yote inaliwa, baada ya miaka 14, hizo 120,000 zitanunua karibu nusu ya zinachonunua sasa. Sehemu ya riba lazima irudi kwenye mtaji, na mhisani aambiwe hivyo tangu mwanzo.

Kiongozi akutane na kila afisa saa moja kila Jumatatu, jina kwa jina: nani ameonwa, nini kilisemwa, hatua gani inafuata, tarehe ipi. Afisa apimwe kwa ziara na maombi yaliyofanywa, pamoja na fedha. Asilipwe asilimia ya mchango kamwe. Kanuni za wachangishaji wa kitaalamu zinakataza, na sababu iko wazi: atamharakisha mzee aliyehitaji miezi minane zaidi.

Risiti itoke ndani ya saa 48. Ndani ya miezi sita mhisani apelekewe picha za vifaa vikitumika, barua ya mkono ya mwanafunzi, na ukurasa mmoja unaoonyesha kila shilingi ilipokwenda, ikiwemo iliyochelewa kutumika na kwa nini. Ukurasa huo atie sahihi mkuu wa idara iliyopokea fedha, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa mhisani akija chuoni bila taarifa na kutaka kuona maabara.