Kwenye bluzi gitaa halisindikizi tu, linajibu

Nikiwaambia watu napenda bluzi (blues) za zamani, ile miziki ya weusi wa Marekani, wengi wananijibu aah ule muziki wa huzuni, basi wanaishia hapo, na kwa kweli inaniuma maana hayo maneno ya huzuni ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye gitaa.

Sikiliza ubeti unavyokaa. Una vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Mwimbaji anatoa mstari, anaurudia uleule, wa tatu ndo anamalizia. Sasa kila mstari umepewa vipimo vinne ila sauti yake inakula kama viwili na kitu hivi, vinavyobaki ni vya gitaa, na gitaa halikai kimya, linamjibu. Yani mtu mmoja anaimba na kujiitikia mwenyewe!

Hili halikuzuka tu. Watumwa waliopelekwa kusini mwa Marekani, wengi kutoka Afrika Magharibi na pande za Kongo na Angola, walilima kwa nyimbo, mmoja anaanzisha wenzake wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Utumwa ukafutwa 1865 lakini kule Mississippi Delta, eneo la pamba jimboni Mississippi, weusi wengi wakabaki kwenye mashamba ya watu wengine, wanagawana mavuno na mwenye shamba na deni haliishi. Mimi naona ndo hapo mtu akakaa peke yake na gitaa, wa kumuitikia hayupo, nyuzi zikaichukua hiyo kazi. W.C. Handy, mwanamuziki na mtunzi wa bluzi, alisimulia kwamba kama mwaka 1903 hivi, stesheni ya treni ya Tutwiler, hukohuko Mississippi, alimkuta jamaa anapiga gitaa huku anasugua kisu kwenye nyuzi. Kisu kinaifanya noti iteleze, na kwenye bluzi noti ya tatu na ya saba za skeli hazikai pale piano inapotaka, zinashuka kidogo, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia.

Jazi ikaja kupanua ileile nafasi ya kujibu. New Orleans walikuwa na bendi za matarumbeta, za mazishi, za dansi, koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta, inashika wimbo, klarineti inazunguka juu, tromboni inajaza chini, na wote wanabuni papo hapo. Rekodi za kwanza za jazi, 1917, zilikuwa za bendi ya wazungu, Original Dixieland Jass Band. King Oliver, mpiga koneti mweusi wa New Orleans, alirekodi na bendi yake 1923, na koneti ya pili alikuwa kijana Louis Armstrong.

Kama una dakika chache tafuta St. Louis Blues ya mwimbaji Bessie Smith ya 1925, Armstrong yumo na koneti yake. Hakuna ngoma kabisa, ni kinanda cha upepo tu kimeshikilia chini. Bessie anauburuta mstari taratiiibu, Armstrong anamsubiri mpaka neno la mwisho limtoke ndo anaingia, na wala hamuigi, ana la kwake la kusema. Vaa hedifoni, na ukirudia mara ya pili muache Bessie, ifuate koneti.